Redio ya kopo la maziwa yaisikia dunia kutoka Gatete

Na Mwandishi Wetu, aliyekuwa Rumonge

JUA lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakati redio yangu ilipoingiwa na kichaa.

Haikuzimika. Kitaa chake kilikuwa bado kinawaka, na kompyuta ndogo niliyoiweka juu ya mtumbwi uliogeuzwa kifudifudi ilikuwa ikifanya kazi kama kawaida. Lakini sauti ya mwanamume aliyekuwa akizungumza kutoka Afrika Kusini, ambayo sote tuliisikia vizuri dakika chache kabla, ilimezwa na mvumo mmoja mzito, kama wa nyuki waliochokozwa mzingani.

"Kaka, ndiyo imekufa?" aliuliza kijana mmoja mvuvi aliyekuwa amechuchumaa karibu yangu.

Sikuwa na jibu. Kwa siku mbili nilikuwa nimewaeleza watu wa Gatete kwamba kifaa hiki kidogo, nilichokifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga, kinaweza kuisikia dunia. Sasa kilikuwa kinaniaibisha mbele ya mashahidi wasiopungua kumi, wengine wao watoto ambao hawajui kuficha kicheko.

Kilichotokea jioni hiyo ya Septemba 2025 kilinifundisha mengi kuliko vitabu nilivyokuwa nimesoma kuhusu redio hizi mpya, na hasa kuhusu namna ya kuzitengeneza ziweze kubebwa mkononi na kufanya kazi mahali pasipo na umeme wa uhakika.

Watu wa redio

Gatete iko katika tarafa ya Rumonge, kusini mwa Burundi, kwenye ukanda wa michikichi unaopakana na ziwa. Mji wa Rumonge wenyewe uko takriban kilomita 75 kutoka Bujumbura kwa barabara ya kandokando ya maji. Mgeni anayefika hapa asishangae kusalimiwa kwa Kiswahili. Wengi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, wengine baada ya 1993, na waliporejea walirudi na lugha ya huko.

Kwa watu waliopitia safari za namna hiyo, redio si pambo la sebuleni. Mwaka 1994 BBC ilipoanzisha matangazo ya Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kuunganisha familia, kazi yake mojawapo ilikuwa kuwasaidia watu waliopotezana vitani kutafutana. Mzee aliyenikaribisha kwake alinionyesha redio yake ya mawimbi mafupi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko wa betri usianguke.

"Wewe unaona takataka, mwanangu," alisema. "Mimi hii ilinipa habari za nyumbani miaka yote niliyokuwa ugenini."

Kabla ya kufunga waya wowote juu ya mti nilipiga hodi kwa mkuu wa kilima na kumweleza nilichokuja kufanya. Hapa ni mpakani. Mtu asiyejulikana anayeonekana akitandika antena jioni huzua maswali, na ana haki ya kuulizwa. Nilimhakikishia kwamba nitasikiliza tu, sitarusha neno hata moja hewani.

Ridhaa ni nini?

Msomaji anajua ndondi za ridhaa na soka ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni mchezo wa aina hiyo hiyo, isipokuwa uwanja wake ni anga. Ni watu wanaofanya mtihani, wanapewa leseni na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, kisha wanazungumza na wenzao duniani kwa mitambo ambayo wengi wao huiunda wenyewe. Hawaruhusiwi kufanya biashara wala kutangaza muziki.

Kila nchi ina herufi zake za utambulisho hewani. Tanzania ina 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Kongo 9Q na Burundi 9U. Herufi za Burundi husikika kwa nadra, kiasi kwamba wanaridhaa wa nchi nyingine huzikesha kuzitafuta. Mwaka 2013 kundi la wageni lilikuja nchini na mitambo yao na kusikika kwa jina la 9U4U. Walipofungasha na kuondoka, sauti ya 9U ikarudi kuwa adimu.

Kwa miaka mingi kikwazo kilikuwa gharama na uzito wa mitambo. Redio ya zamani hufanya kila kazi kwa kifaa chake: koili na kapasita za kuchagua stesheni, kioo cha kuchuja, saketi moja ya kusoma sauti na nyingine ya kusoma telegrafu. Ukitaka kazi mpya sharti uongeze vyuma.

Redio ya programu imeupindua mtindo huo. Mawimbi yakishaingia kwenye antena hugeuzwa mapema kuwa tarakimu, mamilioni kwa sekunde, na kazi iliyobaki hufanywa na programu ya kompyuta. Ukitaka kazi mpya unabadilisha programu tu, chuma kinabaki kile kile.

Mhandisi wa Marekani Joseph Mitola alianza kulieneza wazo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 Eric Blossom alianzisha mradi wa GNU Radio, programu ambayo yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Mwaka 2002 Gerald Youngblood aliandika katika jarida la QEX mfululizo wa makala uliowaonyesha wanaridhaa jinsi ya kutumia kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida kama moyo wa redio.

Siri mojawapo ya redio hizi ni kulipima wimbi mara mbili, vipimo vikipishana kwa robo ya mzunguko. Mvuvi anayeona taa moja tu ya chombo gizani hawezi kusema kinakuja au kinakwenda. Akiona taa mbili, ya mbele na ya ubavuni, anajua. Vivyo hivyo programu yenye vipimo viwili hujua kama stesheni iko juu au chini ya masafa inayoyatazama. Lakini vipimo hivyo visipolingana sawasawa, stesheni moja huonekana mara mbili kwenye skrini, ya kweli na mzimu wake.

Hata hivyo, mitambo ya wakati huo ilihitaji kompyuta ya mezani na umeme wa ukutani. Isingefika Gatete.

Kijiti cha televisheni

Mlango ulifunguka mwaka 2012. Wataalamu wa kompyuta waligundua kwamba vijiti vidogo vya USB vilivyouzwa kwa ajili ya kutazama televisheni kwenye kompyuta, vyenye chipu iitwayo RTL2832U, vinaweza kulazimishwa kutoa tarakimu ghafi za mawimbi. Kifaa cha takriban dola 20 kikawa redio inayosikia kuanzia megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700. Hakikubuniwa kwa kazi hiyo. Kilikuwa bidhaa ya dukani iliyogeuzwa matumizi, jambo ambalo fundi yeyote wa Rumonge analielewa bila kufundishwa.

Ila rahisi ina kasoro zake, na ndizo zilizonifanya nitafute kopo.

Kasoro ya kwanza ni udhaifu wa macho yake. Kijiti hiki hupima wimbi kwa ngazi 256 tu. Ni kama mzani wa sokoni usiojua gramu. Stesheni kubwa ya FM ikiwa jirani, hujaza ngazi zote na ile ndogo ya mbali haipati hata moja. Programu haiwezi kuirudisha sauti ambayo haikupimwa kabisa. Dawa yake ni chuma, si programu: kichujio cha koili na kapasita kinachowekwa kabla ya kijiti ili kuzuia megahezi 88 hadi 108. Changu nilikichoma kwa risasi juu ya kipande cha bati.

Kasoro ya pili ni ganda la plastiki. Plastiki haizuii mawimbi, kwa hiyo makelele ya kompyuta yenyewe huingia moja kwa moja. Kopo la maziwa ya unga ni la chuma, linashika risasi vizuri, na linapatikana bure katika nyumba yenye mtoto mchanga. Nilikiweka kijiti ndani, chipu yake ikigusa ukuta wa kopo kupitia kipande laini cha kupitisha joto, maana kifaa hiki huchemka. Hivyo kopo likafanya kazi mbili, ngao na bati la kupozea.

Kasoro ya tatu ni saa. Ndani ya kila redio kuna kioo kidogo kinachotetema na kuipa mapigo. Vioo vya bei rahisi hupotea kwa makumi ya sehemu katika kila milioni, na joto likipanda vinapotea zaidi. Sehemu moja katika milioni kwenye megahezi 739 ni hezi 739. Sehemu 50 ni karibu kilohezi 37. Mazungumzo ya kawaida ya wanaridhaa huchukua upana usiofika kilohezi 3, kwa hiyo stesheni inakukimbia kabla hujaisikia salamu. Siku ya kwanza niliacha kopo juani nikaliona hilo kwa macho yangu. Vijiti vilivyoboreshwa vina kioo kinachojirekebisha kulingana na joto, nami nilinunua cha namna hiyo. Mzigo ulikaa wiki kadhaa katika ofisi moja njiani, lakini hayo tuyaache.

Ya nne ni masafa. Kijiti huanzia megahezi 24, ilhali mawasiliano ya masafa marefu ya wanaridhaa mengi yako chini ya hapo. Nikaongeza kibao kidogo kinachoyapandisha mawimbi ya chini hadi pale kijiti kinapoweza kusikia.

Mvumo wa machweo

Turudi ziwani. Antena yangu ilikuwa waya wa shaba wa mita 20, uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, ukaning'inizwa baina ya michikichi miwili. Huo ndio urefu wa masafa ya megahezi 7. Alasiri yote ulifanya kazi vizuri. Kwa nini basi kelele ianze wakati wa machweo?

Nilikagua viunganishi, nikazima na kuwasha kompyuta, nikabadilisha waya. Mvumo ulibaki pale pale. Kwenye skrini, mahali palipokuwa na mistari myembamba ya stesheni, palikuwa na mabaka mapana yaliyopangana kwa nafasi sawa, kama vizingiti vya ngazi.

Ni yule kijana mvuvi aliyenifumbua macho. "Kaka, si ndiyo saa ya kuwasha taa?"

Nikainua uso. Hatua chache kutoka tulipokaa, wavuvi wa ndagala walikuwa wanajaribu taa zao kabla ya kusukuma vyombo majini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za LED zinazotumia betri na paneli za jua. Ndani yake mna kigeuzi cha umeme kinachokata na kuunga mkondo maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kigeuzi cha bei rahisi kisichochujwa hutoa mawimbi mengi ya redio, na waya wa taa huyatangaza kama antena.

Tulifanya jaribio. Kijana alichukua taa moja akaizima, mabaka kadhaa yakatoweka. Akaiwasha, yakarudi. Akatembea nayo kandokando ya maji huku nikimpigia kelele kutoka kwenye mtumbwi: "Bado! Bado! Hapo!" Watoto waliokuwa wakinicheka sasa walikuwa upande wangu, wanakimbia naye.

Tulihamishia antena mbali na vyombo. Kisha nikachukua pete ya feriti iliyotoka kwenye waya wa kompyuta mbovu, nikaupitisha waya wa antena ndani yake mara nane ili kelele iliyokuwa ikipanda juu ya ganda la waya isifike kwenye kopo. Kompyuta tuliiacha itumie betri yake yenyewe. Mvumo haukuisha wote, lakini ulishuka hadi chini ya sauti za watu, na mtu wa Afrika Kusini, au mwenziwe, akarudi.

Waunda redio wengi hushindania uwezo wa chipu na wembamba wa ganda. Pale ufukweni niliona kwamba redio ya kubebwa hubebwa kwenda mahali penye kelele zake. Gatete ina taa za ndagala, vidhibiti vya paneli za jua na chaja za simu za bei ya chini. Aliyeunda kifaa mezani kwake Ulaya hakuzifikiria.

Sinia linalotazama utosini

Siku iliyofuata nilijaribu jambo lililonivutia zaidi. Novemba 15, 2018 Qatar ilirusha setilaiti ya Es'hail-2. Ndani yake waliwawekea wanaridhaa mitambo yao, iitwayo QO-100, iliyofunguliwa Februari 2019. Setilaiti hiyo imesimama juu ya Ikweta, kwenye nyuzi 25.9 Mashariki, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, na inaona kuanzia Brazili hadi Thailand.

Ulaya ya kaskazini huitafuta karibu na upeo wa macho, kati ya majengo na miti. Rumonge iko karibu na nyuzi 29 Mashariki na nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Kwetu setilaiti iko karibu utosini, nyuzi 84 kutoka usawa wa ardhi. Hakuna mlima wala mchikichi unaoizuia.

Sahani ya televisheni iliyotupwa, ikalazwa karibu chali juu ya matofali, ilitosha. LNB ya kawaida, lile jicho lililo mbele ya sahani, huyashusha mawimbi ya megahezi 10,489 hadi 739, pale pale kijiti kinapofurahia. Kwa kuwa LNB nayo ina saa inayopotea kwa joto, programu huifuata ishara ya mwongozo inayotoka kwenye setilaiti na kujirekebisha yenyewe. Hapo ndipo programu inapomsaidia fundi: kasoro ya chuma cha bei rahisi inatibiwa kwa hesabu.

Tulisikia Kijerumani, Kiingereza na lugha ambazo hakuna aliyezitambua. Yule mzee aliketi nasi asubuhi nzima, kiganja sikioni, akiuliza kila sauti inatoka wapi.

Nilitaka pia kuwaonyesha picha za mawingu kutoka setilaiti za Marekani za NOAA, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa somo la kwanza la wenye vijiti hivi. Nilichelewa. Tatu za mwisho za aina hiyo, NOAA-15, 18 na 19, zilistaafishwa kati ya Juni na Agosti 2025. Zimebaki za Urusi za Meteor-M, zinazotuma picha kwa tarakimu.

Je, kurusha?

Kusikia ni nusu ya kazi. Upande wa kurusha nao umepungua uzito. Redio iitwayo (tr)uSDX, kazi ya wanaridhaa wa Ulaya, ina gramu takriban 140, inaingia mfukoni, na inarusha hadi wati 5 katika mikanda mitano. Ubongo wake ni ATmega328P, chipu ya bei ndogo ile ile wanayojifunzia wanafunzi kwenye vibao vya Arduino. Programu huiongoza amplifaya kwa namna ambayo sehemu kubwa ya umeme wa betri inageuka mawimbi badala ya joto, hivyo haihitaji bati kubwa la kupozea.

Wati 5 ni kidogo kuliko taa nyingi za nyumbani. Lakini kwenye megahezi 7, antena ikiwa chini, mawimbi hupanda juu, hugonga ionosfea na kushuka, kama mpira uliorushwa darini. Kwa njia hiyo mtu wa Rumonge anaweza kumfikia wa Bujumbura au Kigoma bila mnara na bila kujali milima iliyo katikati.

Leseni ni sharti. Nchini Burundi mwenye mamlaka ni ARCT, kama TCRA ilivyo Tanzania. Kurusha bila kibali ni kosa, na katika eneo la mpaka ni kosa lenye madhara.

Swali la mvuvi

Usiku wa mwisho kijana aliniuliza swali nililokuwa nikilingoja. "Kaka, nikiwa katikati ya ziwa na upepo wa kusini ukapiga, hiyo itanisaidia?"

Nilimjibu ukweli. Kopo hili linasikia tu. Hata lingerusha, masafa ya ridhaa si ya kazi ya uvuvi. Vyombo vya majini vina redio zao, na chaneli yao ya dharura ni ya 16. Anachohitaji yeye chomboni ni hiyo, pamoja na jaketi la kuokolea.

Lakini nchi kavu ni habari nyingine. Desemba 26, 2004 tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman vya India, mwanaridhaa mama Bharathi Prasad alikuwa Port Blair na mitambo yake kwa shughuli za kujifurahisha. Simu zilipokatika, redio yake ikawa njia ya kupeleka habari za walio hai na waliopotea. Hakuna aliyempeleka kwa ajili ya maafa. Alikuwapo kwa sababu alikuwa na leseni, ujuzi na kifaa kinachobebeka.

Ziwa hili limekwisha kufurika na kuhamisha watu katika miaka ya karibuni. Mnara wa simu ukizimika, nani Rumonge atakayetuma ujumbe? Shule moja yenye klabu ya redio, mwalimu mmoja mwenye leseni na betri moja ya jua vingekuwa mwanzo. Vyuma vimeshapungua bei. Kilichobaki ni mtihani uandaliwe karibu, kwa lugha wanayoielewa vijana, na ada isiyozidi bei ya kifaa chenyewe.

Kopo nililiacha Gatete, kwa ruhusa ya mkuu wa kilima, chini ya ulinzi wa yule mzee. Kijana ndiye fundi wake. Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Alikuwa amegundua kwamba taa ya jirani yake hupiga kelele zaidi ya zote, akaifungua, akaifunga pete ya feriti.

"Sasa inanyamaza, kaka," alisema. "Kuna pete nyingine?"